Kushoto na Kulia Mezani kwa Fundi

Mtu akifungua kifuniko cha amplifaya ya stirio iliyotengenezwa miaka ya 1970 au 1980, vumbi likishafagiliwa, ataona kwamba sanduku ni moja lakini mashine ni mbili. Kwenye bati la kupozea zimefungwa transista kubwa nne, mbili za kushoto na mbili za kulia. Kapasita zimekaa jozi jozi. Kila rezista ya upande huu ina mwenzake upande ule, yenye mistari ya rangi zile zile. Transfoma na sehemu ya kunyoosha umeme ndizo zinazotumiwa na pande zote kwa pamoja. Fundi redio wa uani, asiye na mchoro wa saketi wala kitabu cha kampuni, anaujua upacha huo kwa vidole vyake, na sehemu kubwa ya elimu yake imejengwa juu yake.

Elimu hiyo haijapewa heshima inayostahili. Waimbaji wameandikiwa vitabu, bendi zina historia zake, watangazaji wa zamani bado wanatajwa vijiweni. Lakini muziki uliotoka studio uliendelea kusikika majumbani kwa sababu mtaani kulikuwa na mtu aliyejua kwa nini redio ya jirani imeanza kukoroma. Alikuwa na meza, taa, kifaa cha kulehemu, tesa, na brashi ya rangi aliyoitenga kwa ajili ya kufagilia ndani ya mashine. Karakana yake ilikuwa chumba cha uani au kibaraza kilichoezekwa bati, na mara nyingi ndivyo ilivyo hadi leo. Upepo unaingia, mchanga unaingia, kuku wanapita mlangoni. Kazi inayohitaji usafi wa namna yake inafanyika hapo hapo, na inafanyika vizuri.

Wazo la sauti mbili lilitoka mbali. Alan Blumlein, mhandisi Mwingereza wa kampuni ya EMI, aliomba hataza yake mwaka 1931. Inasimuliwa kwamba alikuwa sinemani na mkewe, akakerwa kuona mwigizaji anatembea upande mmoja wa pazia huku sauti yake ikitoka upande mwingine. Akaonyesha jinsi sauti mbili zinavyoweza kuchongwa katika mfereji mmoja wa santuri, kila moja kwenye ukuta wake. Blumlein alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1942, na santuri za stirio zilikuja kuenea madukani kuanzia 1958.

Huku kwetu sauti ilibaki moja kwa muda mrefu zaidi. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, zilitoka kwenye santuri za mono, na nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 1960 nazo ni za mono. Mtu anaweza kudhani rekodi za namna hiyo hazina faida kwenye mashine ya stirio. Kwa fundi, ni kipimo kisicho na mfano.

Wimbo wa mono ukipigwa, kushoto na kulia hupokea kitu kile kile. Fundi hukaa mbele ya spika mbili na kumsikiliza mwimbaji yuko wapi. Anatakiwa asikike katikati kabisa. Akivutiwa kushoto, basi kulia kuna udhaifu: labda volyumu imechakaa upande mmoja, labda kapasita imekauka, labda hedi ya kaseti imeziba uchafu. Asipokuwa mahali popote, sauti ikielea na besi ikapotea, spika moja imeungwa kinyume, chanya imekwenda kwenye hasi. Hapo hutolewa betri ndogo ya volti 1.5 na kuguswa kwenye nyaya za spika moja, kisha ya pili. Koni iliyoungwa sawasawa husukumwa mbele. Iliyogeuzwa hurudi ndani. Kipimo kizima kinakamilika kwa betri ya tochi na macho.

Sasa iletwe amplifaya ambayo kulia kumekufa. Fundi mzuri huanza kwa kuuliza. Ilizimika ghafla au ilianza kwa kukoroma? Umeme ulikuwa umekatika ukarudi? Kuna mtu alisikia harufu? Majibu ya mteja ni nusu ya uchunguzi, na kijana anayejifunza kazi hufundishwa kunyamaza wakati mteja anaeleza. Kisha kifuniko kinafunguliwa na pua inatangulia, kwa sababu rezista iliyoungua na transfoma iliyoungua hazinuki sawa. Macho yanafuata: kapasita iliyovimba kichwani, lehemu iliyopasuka kwa duara dogo kuzunguka mguu wa transista, alama nyeusi kwenye bodi.

Mashine haichomekwi moja kwa moja kwenye umeme. Inachomekwa kupitia balbu ya zamani ya uzi, ya wati 60 au 100, iliyofungwa mfululizo na soketi. Hiki ndicho chombo cha thamani kuliko vyote mezani, ingawa ni rahisi kuliko vyote. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, na balbu imekwisha kuuzuia umeme usimalize kilichosalia. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, kapasita kubwa zimejaa na mashine inaweza kupimwa kwa usalama. Balbu za LED haziwezi kazi hiyo, na ndiyo maana fundi huzitunza balbu zake za uzi kwa uangalifu mkubwa sasa ambapo madukani zimeanza kuwa adimu.

Ndipo upacha unapofanya kazi. Ncha nyeusi ya mita inabanwa kwenye chesisi. Ncha nyekundu inagusa mguu wa transista ya kushoto, namba inasomwa. Inagusa mguu ule ule wa transista ya kulia, namba inasomwa tena. Kati ya besi na emita ya transista nzima ya silikoni, iliyo kazini, huwa kuna takribani volti 0.6. Kushoto ipo. Kulia ni sifuri. Fundi anarudi nyuma hatua moja kuelekea kwenye mlango wa sauti, anapima kushoto, anapima kulia. Bado zinatofautiana. Anarudi tena. Zinalingana. Ugonjwa uko kati ya hatua hizi mbili, na mara nyingi ni kitu kimoja kidogo, rezista iliyokatika au transista ndogo iliyopasuka, iliyowaua wenzake waliofuata. Hakuna mchoro uliofunguliwa. Upande mzima ndio uliosomwa kama mchoro, na ni mchoro wa kweli kuliko uliochapwa, kwa sababu unaonyesha mashine hii ilivyo leo, pamoja na umri wake na marekebisho ya fundi aliyetangulia.

Huo ni utafiti kamili. Kuna dhana, kuna kipimo, kuna kitu kizima cha kulinganisha nacho, na kuna matokeo yanayothibitishwa au kukataliwa kabla ya jua kuzama. Anayeufanya huenda hakumaliza shule. Hilo halipunguzi chochote katika ubora wa fikra zake.

Kubadilisha spea kuna mitego yake. Transista za nguvu za bandia zimejaa sokoni, na 2N3055, iliyoanza kutengenezwa Marekani na kampuni ya RCA miaka ya 1960 na kutumika duniani kote, ni miongoni mwa zilizoigwa mno. Ya bandia huwa na kipande kidogo cha silikoni ndani ya kofia kubwa ya chuma. Inapimika vizuri ikiwa baridi, inakufa ikipigishwa muziki. Wazoefu huamini zaidi spea iliyong'olewa kwenye mashine ya zamani iliyokufa kuliko mpya ya bei ya kutupwa. Chini ya transista hurudishwa karatasi ya maika ya kuzuia shoti na dawa nyeupe ya kupitisha joto, kwa tabaka jembamba. Kisha, kabla spika haijarudishwa, hupimwa umeme wa moja kwa moja kwenye mdomo wa spika. Unatakiwa uwe karibu na sifuri, milivolti chache. Ukiwa volti kadhaa, koili ya spika itaungua, na mteja aliyeleta ugonjwa mmoja ataondoka na miwili. Kwenye amplifaya nzuri kuna rilei inayosubiri sekunde chache baada ya kuwashwa, ikalia "tak", ndipo spika zinapounganishwa. Fundi hulisubiri "tak" hilo kabla ya kusema lolote.

Na vumbi? Vumbi liko kila mahali katika kazi hii, na halifanani kila mahali. Dodoma, ambako mvua hunyesha takribani kati ya Desemba na Aprili na miezi mingine ni ukavu na upepo, vumbi huingia kavu na kulala juu ya kila kitu. Likiwa kavu halina ukorofi mkubwa wa umeme, ila linafanya kazi ya blanketi. Amplifaya nyingi za nyumbani hazina feni; hupoa kwa hewa inayoingia chini na kutoka kwenye matundu ya juu. Matundu yakiziba, joto linabaki ndani, na joto ndilo linaloua kapasita za elektroliti, zile za umbo la kopo zenye karatasi iliyoloweshwa kemikali. Kanuni inayotumiwa na watengenezaji wenyewe ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha ya kapasita hiyo hupungua karibu nusu. Kwa hiyo brashi ya fundi, inayopita taratibu kati ya mapezi ya bati la kupozea, inaongeza miaka.

Hapa panafaa kutajwa kile kitambaa. Katika nyumba nyingi redio na televisheni hufunikwa kitambaa cha kufuma au cha kudarizi, kazi nzuri ya mikono ya mwenye nyumba, na ni heshima kwa kitu cha thamani. Mashine ikiwa imezimwa, hakuna kinga bora ya vumbi. Ikiwashwa kitambaa kikiwa juu, matundu yamefungwa na joto halina pa kwenda. Fundi mwenye adabu haambii watu wakitupe. Anamwambia mama mwenye nyumba akitoe wakati wa kupiga muziki na akirudishe amplifaya ikishapoa, na kwa ushauri huo anajinyima wateja.

Pwani ni habari nyingine. Tanga, Mombasa, Unguja, vumbi hukutana na chumvi ya bahari na unyevu wa masika. Vumbi lililolowa hushika umeme. Linatengeneza njia ndogo juu ya bodi ambapo hapakuwa na njia, na mashine inaanza kulia miluzi ambayo hupotea kiangazi kikianza. Miguu ya spea hupata kutu ya kijani. Swichi za mbele, zile za kuchagua santuri, redio au kaseti, hushika na kuachia. Mjusi naye huingia kufuata joto la transfoma, na akikatisha kati ya nyaya mbili ndio mwisho wake na wa fyuzi. Hapo brashi kavu haitoshi. Bodi husuguliwa kwa spiriti na mswaki laini, ikaachwa ikauke kabisa. Wapo wanaotumia petroli kwa sababu inapatikana kila kituo. Haifai: inalainisha baadhi ya plastiki, inabakiza mafuta, na katika chumba chenye kifaa cha kulehemu ni kuchezea moto.

Volyumu inayokwaruza ndiyo malalamiko ya kawaida kuliko yote. Ndani yake kuna njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Vumbi likikaa kati yao, kila mguso unatoa mkwaruzo kwenye spika. Dawa ya kupuliza ya kusafishia volyumu huingizwa kwenye tundu dogo, kitufe kinazungushwa mwanzo hadi mwisho mara nyingi, na mkwaruzo unaisha. Dakika tano. Watu wengi wametupa redio nzima kwa ajili ya dakika hizo tano.

Umeme wenyewe ni somo. Tanzania hutumia volti 230 na Kenya 240, zote kwa hezi 50. Mashine za mtumba kutoka Japani zilitengenezwa kwa volti 100, na za Marekani kwa 120. Anayeichomeka ukutani bila kusoma kibandiko cha nyuma ataisikia ikinguruma mara moja tu. Fundi huanza na kibandiko, na akikuta swichi ya kuchagua volti huigeuza na kuifunga kwa gundi isiguswe na watoto. Meza ya santuri ya Marekani ina tatizo jingine ambalo transfoma haiwezi kulitatua: mota yake ikiwa ni ya kufuata hezi 60, kwenye hezi 50 itazunguka kwa kasi ya tano ya sita tu, na santuri ya mizunguko 33⅓ itazunguka chini ya mara 28 kwa dakika. Muziki unashuka, waimbaji wanaburuta maneno. Dawa yake ni ya kimekanika: puli ya mota huchongwa upya kwa mtu wa mashine ya kerezo, nene zaidi kwa asilimia 20, na wimbo unarudi kwenye sauti yake.

Kwenye spika ufundi unakuwa kazi ya mikono tupu. Ukingo wa sponji unaozunguka koni hulika wenyewe kwa unyevu, hata spika isipopigwa, na baada ya miaka kumi hadi ishirini huvunjika kama keki kavu. Wanaosuka koili na kubadili kingo za spika wanastahili kutazamwa wakiwa kazini. Koili mpya inatakiwa ielee kwenye mwanya mwembamba kati ya sumaku na nguzo ya katikati, bila kugusa popote, na mwanya huo haufiki milimita moja kila upande. Fundi hukata vipande vya filamu ya eksirei na kuvipanga kuizunguka nguzo, koili inashikwa navyo katikati, koni inagundishwa, na kila kitu kinaachwa hadi gundi ikauke. Vipande vikishachomolewa, koni husukumwa kwa vidole vya mikono miwili, polepole, sikio likiwa karibu. Ikikwaruza hata kidogo, kazi inaanza upya.

Kaseti nazo hazijaisha. Philips waliitoa kaseti ndogo mwaka 1963, utepe wa upana wa milimita 3.81 unaokwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, na katika upana huo stirio inahitaji njia nne, mbili kwa kila upande wa kaseti. Utepe wa kawaida umepakwa oksidi ya chuma, na wekundu wa udongo wa bara nao unatokana na oksidi za chuma. Kinachokwangua hedi ni chembe za mchanga zilizochanganyika humo, ambazo ni ngumu kuliko chuma chake. Kwa hiyo hedi husafishwa kwa pamba na spiriti kabla ya kazi yoyote. Mkanda wa mpira uliolegea hubadilishwa, maana ukilegea sauti ya mwimbaji wa kike hugeuka ya kiume. Kisha inakuja skrubu moja ndogo kando ya hedi. Kaseti inapigwa, bisibisi inazungushwa robo ya robo, na sauti za juu, matoazi na herufi za "s", zinafunguka pale hedi inaposimama wima sawasawa na njia za utepe.

Siku hizi meza ya fundi imejaa sabufa: sanduku moja la besi, spika mbili au nne ndogo, redio, mlango wa flashi. Wanaozidharau wanakosea. Ndizo zilizo katika nyumba nyingi, na ndani ya nyingi kati yake upacha bado upo, chipu moja ya kushoto na nyingine ya kulia, za aina ya TDA2030 au ndugu zake, kwa hiyo mita inafanya kazi ile ile ya kulinganisha. Ugumu uko kwenye bodi mpya zaidi, ambapo pande zote mbili zimeingizwa ndani ya chipu moja yenye miguu isiyoonekana vizuri bila lenzi. Ikifa, zimekufa zote, na hakuna upande mzima wa kuuliza. Mafundi wanajifunza njia nyingine, kwa kubadilishana picha za bodi na namba za volti kwa simu, mmoja Kariakoo, mwingine Luthuli Avenue, Nairobi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi redio aliyetumia miaka kulinganisha kushoto na kulia anastahili cheti hicho, na wanaokitoa wanastahili kuja uani kumtazama akipima.

Kazi inayozidi kuletwa sasa ni ya kunakili kaseti za familia kwenda kwenye flashi: mawaidha ya sheikh wa mtaa, taarab iliyorekodiwa harusini, barua za sauti zilizosafiri kati ya pwani na Omani wakati simu zilikuwa ghali. Nyingi zilirekodiwa kwa redio kaseti ya mono, kwa hiyo maneno yale yale yameandikwa kwenye njia ya kushoto na ya kulia. Ukingo wa utepe ndio huumia kwanza, hujikunja na kuliwa na rola, na njia iliyo ukingoni huanza kukatika huku ya ndani ikiwa nzima. Fundi hupiga kaseti, huzima upande mmoja na kusikiliza mwingine, kisha hubadilisha. Akishaujua ulio mzima, huuchukua huo peke yake na kuupeleka kwenye spika zote mbili. Kaseti ya dakika 90 hunakiliwa kwa dakika 90, na muda huo fundi anafungua skrubu za mashine inayofuata.